Kitabu Nyuma ya Mahindi: Niliyojifunza Nikianzisha Maktaba ya Mtaa Kisumu

Kitabu chenyewe kilikuwa cha kurasa mia mbili na ushei, jalada la samawati, kikieleza mwili wa binadamu na uzazi, na lebo iliyobandikwa mgongoni mwake, yenye nambari inayoonyesha mada na rafu yake, ilisomeka 612.6. Kila Jumatatu nilikikuta mahali pasipo pake, kimelazwa nyuma ya vitabu vya kilimo, katikati ya upanzi wa mahindi na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, yaani kwenye rafu ya 630. Nilikirudisha kwake. Jumatatu iliyofuata kilikuwa nyuma ya mahindi tena. Aliyefunzwa ukutubi hukerwa na jambo kama hili kuliko mtu wa kawaida anavyoweza kufikiri, kwa sababu kitabu kilichowekwa pasipo pake hakina tofauti na kitabu kilichopotea: sajili inasema kipo, katalogi inasema kipo, na msomaji anarudi nyumbani mikono mitupu. Niliandika tangazo kwa kalamu ya wino mzito, nikiwataka wasomaji waache vitabu mezani baada ya kusoma, nikalibandika ukutani. Halikubadilisha kitu, na ilinichukua karibu mwaka mzima kutambua kwamba aliyekosea mahali pa kuweka vitu alikuwa mimi.

Ninayaandika haya kwa kuwa mwaka huu nimepigiwa simu na vikundi vitatu, kimoja cha Nakuru, kimoja cha upande wa Mumias na kingine cha hapahapa Kisumu, vyote vikitaka kufungua maktaba za mitaa yao. Waliniuliza vitabu hupatikana wapi, rafu hugharimu pesa ngapi, na kompyuta ngapi zinatosha kuanzia. Hakuna aliyeniuliza nani ataketi wapi na saa ngapi. Siwalaumu, maana hata mimi sikujiuliza, ingawa nilikuwa nimeisomea kazi hii na kuifanya kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kukabidhiwa funguo za maktaba yangu mwenyewe.

Nilisomea Eldoret, katika Chuo Kikuu cha Moi, ambako masomo ya sayansi ya habari yalianzishwa 1988. Mhadhiri wetu wa uainishaji alipenda kutukumbusha kwamba nambari tunazobandika migongoni mwa vitabu zilitungwa na Mmarekani Melvil Dewey, aliyezichapisha mwaka wa 1876, na kwamba ni yeye huyo aliyefungua chuo cha kwanza cha ukutubi katika Columbia College, New York, mwaka wa 1887, akawapokea wanawake ijapokuwa wakuu wake hawakuridhia. Kati ya wanafunzi ishirini wa mwanzo, kumi na saba walikuwa wanawake. Darasa letu, ambamo wasichana tulikuwa wengi, lilipiga makofi. Upande wa pili wa habari hiyo niliusoma mwenyewe baadaye: kwamba wanawake wakutubi walimlalamikia Dewey kwa kuwashikashika pasipo ridhaa yao, kwamba aliondoka katika shughuli za chama cha wakutubi cha Marekani mnamo 1906 kwa aibu hiyo, na kwamba mwaka wa 2019 chama hicho kililiondoa jina lake kwenye medali yake ya heshima. Hadi leo, takriban wakutubi wanne katika kila watano nchini Marekani ni wanawake. Idadi hiyo huwafurahisha watu, nami ilinifurahisha, lakini haisemi lolote kuhusu wanawake hao walivyotendewa walipokwisha kuingia.

Nilipoajiriwa, katika maktaba ya umma ambayo sitaitaja, nilikuta mpangilio ambao hakuna aliyeuandika popote na kila mtu aliufuata. Sisi wanawake tulikuwa kwenye kaunta na kwenye kona ya watoto. Wanaume walikuwa kwenye kompyuta, kwenye stoo ya vitabu vipya, na katika ofisi yenye pazia. Nilikaa kaunta miaka sita. Nilipiga muhuri wa tarehe hadi nikaweza kuupiga bila kutazama, na nilipoomba kufundishwa mfumo wa katalogi ya kompyuta niliambiwa kwa upole mkubwa kwamba wasomaji wangenikosa pale mbele. Niliapa kwamba siku nikipata maktaba yangu, hayo hayatatokea.

Siku hiyo ilifika mwishoni mwa 2018, wakati kikundi cha wakazi wa mtaa tunaoishi, upande wa Manyatta, kilipopewa ukumbi mdogo uliokuwa hautumiki na kikanialika niusimamie. Gharama nitazisema wazi, kwa kuwa hakuna aliyeniambia zangu mapema. Katoni thelathini za vitabu vya msaada zilikuja kutoka Nairobi kwa lori, nauli shilingi elfu kumi na nne, nikazilipa kwa mkopo wa chama changu cha akina mama. Zaidi ya nusu ya vitabu hivyo havikutufaa: sheria za kodi za nchi nyingine, miongozo ya programu za kompyuta zilizokwisha kufa, na juzuu kumi na tisa za ensaiklopidia ambayo ilipaswa kuwa na ishirini na mbili. Nilikuwa nimeona haya kukataa zawadi. Ukiletewa vitabu, omba orodha kwanza, na usiogope kusema hapana. Rafu za chuma nilitengenezewa na fundi wa juakali karibu na soko la Kibuye, kila moja shilingi elfu sita na mia tano, na sijutii hata senti, kwa sababu rafu mbili za mbao nilizonunua kwa bei nafuu zilikuwa zimeliwa na mchwa kabla ya mwaka kwisha. Kikundi chetu kilisajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii, na tukaandika barua kwa serikali ya kaunti, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Barua ilijibiwa baada ya miezi saba. Andika hata hivyo, na utunze nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa, maana siku ya kuomba chochote ndiyo watakayoiulizia.

Tulifungua Januari 2019 tukiwa saba: mimi, wafanyakazi wawili wa kulipwa posho, na vijana wanne wa kujitolea. Wanawake wanne, wanaume watatu. Niliiandika hesabu hiyo kwa fahari katika ripoti ya kwanza kwa kamati. Kisha nikawapanga, na nikiyakumbuka sasa najiuliza kiapo changu kilikuwa kimeenda wapi. Dada aliyekuwa na stashahada ya kompyuta nilimpeleka kona ya watoto, kwa kuwa alikuwa na sauti laini. Kijana aliyekuwa amesomea ualimu wa chekechea, na ambaye aliniomba kwa mdomo wake apewe watoto, nilimpeleka kwenye kompyuta, kwa kuwa nilidhani wazazi watashangaa. Huyo kijana hakujua hata karatasi huingizwa upande gani wa printa. Dada naye hakuvumilia kelele, akawa anawanyamazisha watoto tangu saa tatu asubuhi, na maktaba ya watoto walionyamazishwa hugeuka chumba cha adhabu. Wote wawili walikuwa na adabu mno kuniambia. Waliita kile kiti changu cha mbele "kiti cha madam", nao hawakukikaribia kwa malalamiko.

Kosa lililoniumiza zaidi lilikuwa la zamu ya jioni. Watahiniwa wa kidato cha nne walituomba tufunge saa mbili usiku badala ya saa kumi na moja, kwa sababu nyumbani kwao hakuna meza, na pengine hakuna umeme, na mtu anayeishi katika chumba kimoja na wadogo zake watano hawezi kusoma kemia hata akiwa na kitabu. Hapo ndipo maktaba ya umma inapoonyesha thamani yake: ni mahali pekee mtaani ambapo mtoto anaweza kuketi kwa saa tatu chini ya taa bila kununua soda. Tulikubali. Nami, nikitaka usawa, niligawa jioni sawasawa kwa watu wote saba, bila kumwuliza yeyote anakaa wapi au anarudi nyumbani kwa njia gani.

Jioni moja ya Julai dada wa kaunta alifunga mlango saa mbili na dakika kumi, akasimama barabarani kungoja tuktuk ya kuelekea Kondele, na vijana wawili waliokuwa juu ya pikipiki wakamnyakua mkoba. Hawakumjeruhi. Mkoba ulikuwa na simu, kitambulisho, na funguo zetu. Asubuhi alikuja na barua ya kuacha kazi, imekunjwa mara nne, akaiweka mezani bila kuketi. Naungama kwamba jambo la kwanza nililomwuliza lilikuwa funguo. Nilibadilisha kufuli zote mbili kwa shilingi elfu tatu na mia nane, na hiyo ndiyo gharama ndogo kabisa ya usiku ule. Sijapata tena mtu wa kaunta aliyekumbuka majina ya wasomaji kama yeye.

Baada ya hapo nilifanya lile ambalo wengi wangefanya: niliwaondoa wanawake wote kwenye zamu ya jioni, nami mwenyewe nikiwamo. Kamati ilinipongeza kwa kuwajali. Ilipofika Oktoba, wiki chache kabla ya mtihani, nilipita usiku mmoja kuchukua hati niliyokuwa nimeisahau, nikakuta ukumbi umejaa wavulana. Wasichana walikuwa wawili, tena walikuwa ndugu, na kaka yao ameketi katikati yao. Nilikwenda kwa mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na kituo cha mabasi, ambaye binti yake alikuwa msomaji wetu wa kila siku, nikamwuliza kama mtoto ni mgonjwa.

"Si mgonjwa, mwalimu," alinijibu huku akiendelea kupepeta omena zake. "Lakini mimi sitampeleka mtoto wa kike mahali penye wanaume watupu mpaka saa mbili usiku. Wewe una binti. Ungempeleka?"

Sikuwa na jibu. Nilinunua mikebe miwili ya omena ambayo sikuihitaji, nikarudi zangu.

Ndipo nikaanza kuhesabu. Nilichukua daftari la mistari, nikaligawa safu nne, wanawake, wanaume, wasichana na wavulana, na kila baada ya saa moja yeyote aliyekuwa kaunta aliweka alama ya vijiti kwa kila aliyemwona, na mahali alipoketi. Tulifanya hivyo kwa mwezi mmoja. Ninawasihi wote wanaoanzisha maktaba wafanye hivyo kabla ya kununua kompyuta ya kwanza, kwani daftari lile la shilingi arobaini liliniambia mengi kuliko ripoti zangu zote. Kwenye meza ya magazeti, safu ya wanaume ilikuwa imevuka ukurasa na kuingia wa pili. Ya wanawake ilikuwa na vijiti vinne, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vya mwanamke yuleyule aliyekuja kutafuta tangazo la kazi. Kompyuta zilikuwa za wavulana kuanzia saa tisa mchana. Kona ya watoto ilikuwa na akina mama na akina dada, na hakuna baba hata mmoja aliyevuka kizingiti chake.

Jibu la kitabu cha samawati lilikuja mwezi uleule, na lilikuja kwa fedheha. Nilimkuta msichana wa kidato cha pili akikisukuma nyuma ya vitabu vya mahindi. Nilimshika mkono, nikamwuliza kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia kwa nini anavuruga rafu zangu. Aliangua kilio. Nilimtoa nje, tukaketi kwenye benchi chini ya mwarobaini, na baada ya muda mrefu akasema, "Madam, hatujakosea. Tunakiweka pale kwa sababu pale hatuonekani." Nilimwuliza hao "sisi" ni akina nani. Alitaja wasichana sita, na akasema wana utaratibu: anayemaliza sura yake anakiacha nyuma ya mahindi, na anayefuata anajua pa kukichukua.

Jioni hiyo, baada ya watu kuondoka, nilikwenda kusimama mbele ya rafu ya 610, ile ya vitabu vya mwili na afya, kama angesimama yule msichana. Meza ya magazeti ilikuwa hatua mbili nyuma yangu, na wanaume wote waketio pale huelekeza nyuso zao kwenye rafu hiyo. Kushoto, kwa umbali wa mkono, palikuwa na dawati la kijana wa kompyuta. Mimi ndiye niliyepapanga hivyo, na sababu yangu ilikuwa moja tu: soketi ya umeme ilikuwa kwenye ukuta ule. Ukitaka kusoma kuhusu hedhi, mimba au magonjwa ya zinaa katika maktaba yangu, ilikupasa uinue mkono mbele ya wanaume wanane, kisha upeleke kitabu kaunta ambako, wakati wa jioni, mwanamume mwingine angekisoma jina kwa sauti akijaza rejista. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi 1958, na Waafrika waliopita mbele ya simba wake wa mawe walijua kwamba wamezuiwa na ni nani aliyewazuia. Yangu ilikuwa na bango mlangoni lisemalo karibuni wote, na wasichana wale sita walidhani kasoro ni aibu yao wenyewe.

Kuhamisha rafu kulituchukua alasiri moja na hakukutugharimu kitu. Tuliivusha 610 hadi pembe ya ndani, mgongo wake ukielekea ukumbi, tukaiweka 630 karibu na magazeti, jambo ambalo wazee wasomao magazeti walilifurahia kuliko nilivyotarajia. Tuliacha kutamka majina ya vitabu kaunta. Msomaji sasa huandika mwenyewe nambari ya kitabu kwenye kadi na kuitumbukiza katika sanduku. Vitabu vichache hupotea kwa utaratibu huu, vitatu au vinne kwa mwaka, na wakutubi wenzangu wamenishutumu kwa hilo. Mimi naona kitabu kilichoibwa na msichana wa miaka kumi na mitano ili akimalize kusoma kimefanya kazi yake.

Machi 2020 ugonjwa wa korona ulitufunga kama ulivyofunga shule, nasi tukabaki tukiazimisha vitabu dirishani kwa miezi kadhaa. Sitarefusha habari za kipindi hicho, ila kwamba kilinipa nafasi ya kufanya yale ambayo nilikuwa nayaahirisha kwa woga. Tulipofungua tena Januari 2021, niliwabadilisha wale wawili niliowapanga vibaya mwanzoni: dada kwenye kompyuta, kijana kona ya watoto. Baba mmoja alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni salama. Swali lake lilikuwa la haki, na ninawashauri wenzangu wasilichukulie kuwa tusi. Nilimwonyesha kwamba kona haina mlango, kwamba inaonekana kutoka kaunta, na kwamba hakuna mtu mzima, awe mwanamume au mwanamke, anayeruhusiwa kubaki na mtoto mmoja peke yake. Kanuni hiyo tuliiandika na kuibandika ukutani. Laiti ningaliiandika tangu mwanzo, wakati kona ilikuwa ya wanawake watupu na hakuna aliyefikiri inahitaji kanuni.

Yaliyofuata hayakuja kwa kishindo. Kijana alikuwa na tabia ya kusoma hadithi akitembea, akiigiza fisi kwa kuburuta mguu, na watoto wakimfuata nyuma kwa mstari wakiburuta miguu yao pia. Waendesha bodaboda waliopaki nje walianza kusimama mlangoni kumtazama. Mmoja akaingia siku ya mvua, akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakifika kifuani, kofia ya chuma mapajani, akasikiliza hadi mwisho. Wiki mbili baadaye alikuja na mwanawe. Daftari langu la vijiti lilipata safu mpya, ya akina baba, na hadi leo si ndefu, lakini ipo.

Kwa upande wa kompyuta mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi. Akina mama wa sokoni walikuwa wakilipa watu wa vibanda ili wajaziwe fomu zao, ya huduma za serikali mtandaoni (eCitizen), ya mkopo wa HELB kwa mtoto aliyeingia chuoni, au ile ya kodi ya KRA ambayo lazima iwasilishwe kufikia tarehe 30 Juni hata na mtu asiye na mapato. Kwetu huduma hiyo ilikuwapo bila malipo tangu 2019 nao hawakuitumia. Sasa walikuja. Namkumbuka muuza nyanya mmoja, mikono yake bado ina vumbi jekundu la kreti, akiogopa kugusa kipanya, na dada akiuweka mkono wake juu ya mkono wa yule mama, wakakisogeza pamoja hadi mshale ukafika kwenye kitufe. Mama alicheka kwa sauti kubwa kiasi kwamba mzee mmoja aliteremsha gazeti kutazama. Tulimwacha acheke. Yule mama alirudi baadaye na wenzake wanne, na mmoja wao, ambaye hakuwa amemaliza darasa la nane, ndiye sasa huwaonyesha wageni jinsi ya kuweka nywila isiyosahaulika.

Zamu ya jioni ilitaka pesa, na sina njia nzuri ya kulisema hilo. Tulikubaliana kwamba kila jioni wawepo wawili, mwanamke na mwanamume, wakazi wa karibu wakitangulizwa, wafunge pamoja, na asiyekaa karibu alipiwe tuktuk hadi mlangoni kwake. Nauli ilifika shilingi elfu moja na mia mbili kwa wiki, na faini za vitabu vilivyochelewa haziwezi kulipa hata robo yake. Wazazi wa watahiniwa walichanga. Yule muuza omena alikuwa wa kwanza kutoa, na binti yake alirudi. Ukiandika bajeti ya maktaba, iandike nauli ya usiku kwenye mstari wake wenyewe, karibu na umeme, kwa sababu ukiificha ndani ya "matumizi mengineyo" kamati itaikata ya kwanza.

Na kuhusu kamati, nina la kukiri pia. Tulipoiunda tuliifuata Katiba, ile kanuni ya Kifungu cha 27 isemayo kwamba wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Wanachama tisa, wanaume sita, wanawake watatu: hesabu kamili, haikubakiza wala kupungua. Mikutano ilikuwa Jumapili alasiri, baada ya ibada, na wanawake wawili kati ya watatu hawakuonekana kwa mwaka mzima. Mwenyekiti alilalamika kwamba wanawake hupewa nafasi kisha wasizitumie. Nilikubaliana naye kimoyomoyo, hadi nilipokwenda Kibuye Jumapili moja kununua pazia la mtumba, nikawakuta wote wawili nyuma ya meza zao, wamezungukwa na wateja. Jumapili ndiyo siku kuu ya soko la Kibuye. Tulikuwa tumeiweka mikutano katika siku pekee ya wiki ambayo ingewagharimu zaidi kuhudhuria. Tuliihamishia Jumatano jioni, na hoja ya kwanza waliyoileta ilikuwa choo: maktaba ilikuwa na kimoja tu, mlango wake haufungiki kwa ndani, na kila mwanamke aliyewahi kuingia humo alilijua hilo. Wanaume sita, pamoja nami, hatukuwahi kulijadili. Komeo liligharimu shilingi mia moja na themanini.

Bado kuna nisiyoyaweza. Vijana wa kujitolea hunitoka, na wasichana hutoka mapema kuliko wavulana, kwa sababu nyumbani kazi isiyolipwa inawangoja tayari, na mzazi huuliza, kwa haki kabisa, kwa nini binti afagie maktaba bure ilhali nyumba haijafagiwa. Posho ndogo niliyoanza kuwapa mwaka wa 2023 imesaidia kidogo. Sijapata bado mwanamume anayekubali kubaki kaunta zaidi ya miezi mitatu. Wote huomba kuhamishiwa "mahali pa kazi", kana kwamba pale mbele tunacheza bao.

Desemba iliyopita tulifanya ukaguzi wa vitabu vyote, rafu kwa rafu, sajili mkononi. Kitabu cha samawati kilikuwa mahali pake, 612.6, kimechakaa, gundi ya mgongo imeachia, na nimeagiza nakala mbili mpya. Tulipofika 630 niliingiza mkono nyuma ya vitabu vya mahindi kwa mazoea tu, na vidole vyangu vikagusa kitu. Nilikitoa. Kilikuwa kitabu cha mapishi, 641.5, na kati ya kurasa za wali na za chapati kulikuwa na risiti ya petroli ya shilingi mia mbili, imekunjwa vizuri kuwa alama. Nilitazama nje dirishani, pikipiki nane zilikuwa zimepaki. Niliweka tiki kwenye sajili kwamba kitabu kipo, nikakirudisha nyuma ya mahindi.